Karati moja, bei mbili: jinsi ya kusoma mkato wa almasi

Swali: "Mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa na nataka kumnunulia pete ya almasi. Nimebaki na mawe mawili ya mviringo. Yote yana karati 1.00, rangi G (karibu haina rangi), uangavu VS2 (vidoa vidogo sana vya ndani), na yote yana cheti cha maabara, ila bei zimepishana sana. Muuzaji anasema tofauti ni mkato. Shemeji yangu anacheka: mkato ni umbo, na umbo la mawe yote mawili ni lile lile. Namba za vyeti nimekutumia. Halafu mke wangu mwenyewe, kila tukipita dukani, macho yake yanakwenda kwenye almasi za mkato wa zumaridi, zile za mstatili. Nichague vipi?"

Jibu:

Shemeji yako ameshika nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo unayotozwa. Wauzaji hulitumia neno mkato kwa umbo la jiwe linavyoonekana kutoka juu, na pia kwa kazi ya mkataji: pembe amezipanga vipi, zinapatana vipi, amezing'arisha vipi. Mawe yako mawili yanafanana kwa lile la kwanza tu. Kwa hili la pili yameachana mbali.

Niziweke namba zako hapa ili na wengine wafuate. Jiwe la bei nafuu lina kipenyo cha milimita 6.29, kina cha asilimia 64.5, meza ya asilimia 57, pembe ya taji nyuzi 36, pembe ya upande wa chini nyuzi 41.6, na mshipi mnene. La bei ya juu lina kipenyo cha milimita 6.44, kina cha asilimia 61.5, meza ya asilimia 56, taji nyuzi 34.5, upande wa chini nyuzi 40.8, na mshipi wa wastani. Kwa karatasi peke yake ningechukua la pili. Sababu zake inafaa uzielewe, kwa maana utazihitaji hata ukihamia kwenye mstatili.

Litazame jiwe la mviringo kutoka ubavuni. Lile bapa pana la juu kabisa ndilo meza. Kutoka ukingo wa meza kushuka hadi pale jiwe lilipo pana zaidi ni taji. Ule ukingo mpana wenyewe, ambao makucha ya pete huushika, ni mshipi. Chini ya mshipi jiwe linachongoka hadi nchani. Kwa jumla mabapa ni 57, na huwa 58 ikiwa ncha nayo imekatwa bapa dogo. Asilimia za kina na za meza kwenye cheti hupimwa kwa kipenyo: kina cha 61.5 maana yake kimo cha jiwe, kutoka mezani hadi nchani, ni asilimia 61.5 ya upana wake.

Sasa mwanga. Kipimo cha almasi cha kupinda mwanga ni 2.42, wakati cha kioo cha kawaida ni karibu 1.5. Ndiyo maana mwale uliokwisha kuingia ndani ya almasi hautoki kirahisi. Ukiligonga bapa la ndani ukiwa umeinama zaidi ya nyuzi 24.4 kutoka mstari unaosimama wima juu ya bapa hilo, unarudishwa wote, bila kupungua. Mkataji anaishi na namba hiyo. Kazi yake ni kupanga mabapa ya chini ili mwale ulioingia kwa juu ugonge upande mmoja, uvuke, ugonge upande wa pili, kisha urudi na kutokea juu, machoni mwako.

Huenda umewahi kuonyeshwa ule mchoro wa mawe matatu: moja limekatwa sawasawa na miale inarudi juu, moja ni jembamba mno na miale inatokea chini, la tatu ni refu mno na miale inatokea ubavuni. Mchoro huo umetiwa chumvi. Mwale unaoshuka wima kupitia mezani hauvuji chini kwenye jiwe lolote la mviringo ambalo muuzaji wa kawaida atakuwekea mbele yako. Ili uvuje wakati wa kugonga upande wa pili, pembe ya chini ingepaswa kuzidi nyuzi 52 hivi, na hakuna anayekata hivyo. Kinachobadilika kati ya jiwe zuri na baya ni mahali ambapo jiwe linauchota mwanga wake.

Hapa ndipo nyuzi 40.8 na 41.6 zinapoacha kuwa ubishi wa mafundi. Ukilitazama jiwe kutoka juu kabisa, katikati ya meza, pembe ya chini ya nyuzi 40.8 inakuletea mwanga unaotoka karibu nyuzi 44 kando ya wima. Huko juu na pembeni ndiko taa na madirisha yaliko. Kwa nyuzi 41.6 mwanga huo unachotwa karibu nyuzi 35 kando ya wima, yaani umeanza kusogelea kichwa chako. Ukifika nyuzi 45 jiwe linautazama wima juu na kukurudishia kivuli cha uso wako mwenyewe. Ndiyo sababu almasi zenye tumbo refu kupita kiasi huwa na doa jeusi katikati. Ukienda upande wa pili, chini ya nyuzi 39 au 38, jiwe linachota mwanga wa chini sana, usawa wa upeo, na mezani kunaanza kuonekana pete ya kijivu ambayo ni taswira ya mshipi. Masonara huliita jicho la samaki. Ukishaliona mara moja hutaacha kuliona tena.

Kuvuja kupo, ila huja kwa miale iliyoinama, ile inayoingilia kwenye taji. Taji likiwa na mwinamo mkali na upande wa chini nao ukawa mkali, miale mingi ya namna hiyo inagonga mabapa ya chini ikiwa chini ya zile nyuzi 24.4 na kutokomea nyuma ya jiwe. Matokeo yake ni mkanda uliofifia unaozunguka chini ya ukingo wa meza. Jiwe lako la bei nafuu, lenye nyuzi 36 juu na 41.6 chini, liko kwenye kundi hilo hilo. Kila namba ikisomwa peke yake haitishi sana. Zikiwa pamoja zinaumizana, kwa sababu pembe hizi mbili zinapaswa kufidiana: taji likipanda, upande wa chini ushuke kidogo, na kinyume chake. Taji la nyuzi 36 lingetaka upande wa chini unaokaribia 40.5.

Kuna na suala la uzito. Mawe yote mawili yana gramu 0.2, maana karati moja ni hiyo. Lakini la bei nafuu limeficha sehemu ya uzito wake kwenye kimo na kwenye mshipi mnene, mahali ambapo pete ikishavaliwa hapaonekani. Tofauti ya milimita 0.15 ya kipenyo inasikika kama si kitu; kwa eneo la uso ni karibu asilimia 5. Kwa maneno mengine, unalipia karati nzima na kidoleni inaonekana ndogo zaidi.

Mkataji halifanyi hilo kwa kutojua. Jiwe ghafi likikatwa kuwa la mviringo hupoteza mara nyingi nusu ya uzito wake au zaidi, na kila sehemu ya karati anayoiokoa ina bei. Hasa inapokaribia 1.00, namba ambayo wanunuzi wanaiulizia kwa jina, kishawishi cha kuliacha jiwe nene ili lisishuke hadi 0.94 ni kikubwa. Ukikutana na 0.94 iliyokatwa vizuri ichukue kwa furaha: kwa macho haitofautiki na karati kamili, na bei yake kwa kawaida iko chini.

Mvutano huu kati ya uzito na mwanga ni wa zamani. Mwaka 1851 almasi ya Koh-i-Noor iliwekwa hadharani London, ndani ya jumba la vioo la Crystal Palace, kwenye Maonyesho Makuu. Watu walimiminika kuiona na wengi wakaondoka wamevunjika moyo, kwa kuwa jiwe lile lenye sifa kubwa halikuwaka. Mwaka uliofuata likakatwa upya, Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria, akiifuatilia kazi hiyo kwa karibu, likashuka kutoka karati 191 hivi hadi 105.6. Zaidi ya asilimia 40 ya jiwe iligeuka vumbi la gurudumu. Ilichukua hadi 1919 ndipo Marcel Tolkowsky, mhandisi kutoka ukoo wa wakataji wa Antwerp, alipochapisha hesabu za briliani ya mviringo, yaani mkato huu wa mawe yako: meza ya asilimia 53, taji nyuzi 34.5, upande wa chini nyuzi 40.75. Linganisha na jiwe lako la bei ya juu. Limesogea kidogo sana kutoka kwake, na pale liliposogea, kwenye meza, ndivyo wengi wanavyokata siku hizi.

Kama utaendelea kuwinda almasi ya mviringo, mimi hukaa ndani ya mipaka hii: meza asilimia 54 hadi 58, kina 60 hadi 62.5, taji nyuzi 34 hadi 35, upande wa chini 40.6 hadi 41, mshipi usiwe mwembamba sana wala mnene. Mshipi mwembamba mno hupasuka ukingoni, hasa fundi anapobana makucha. Yapo mawe mazuri nje ya mipaka hiyo, sikatai, ila kuyatambua kunataka jicho lililozoea.

Vipi kuhusu daraja la mkato kwenye cheti? GIA, maabara ya Marekani inayopima almasi, ilianza kuliandika kwa almasi za mviringo mwaka 2006, kwa ngazi tano. Ni msaada wa kweli: likikosa ngazi ya juu kabisa, kwa pete ya namna hii mimi hupita. Lakini ngazi hiyo ya juu ni pana na imebeba mawe yasiyofanana, kwa hiyo nalichukulia kama mlango wa kuingilia, kisha nazitazama pembe zenyewe. Ung'arishaji na ulinganifu huandikwa kando. Chukua ngazi mbili za juu usihangaike zaidi. Wale wanaotoza ziada kubwa kwa ajili ya mchoro wa mioyo na mishale unaoonekana kwa kifaa maalumu wanauza ulinganifu wa hali ya juu sana, jambo la kweli na la kupendeza, ambalo mke wako hataliona kwa macho.

Baada ya karatasi, macho. Taa za dukani ni ndogo, nyingi, kali, na zimewekwa hapo kwa makusudi. Chini ya taa kama hizo hata jiwe lililokatwa ovyo linatoa cheche. Omba mawe yafutwe vizuri, kisha yasogezwe dirishani pasipo jua la moja kwa moja, halafu chini ya kivuli cha kiganja chako au cha meza. Yaweke kando kwa kando, kimo kimoja, umbali wa kawaida wa mtu kutazama mkono wake. Yainamishe taratibu. Jiwe zuri linabaki na uhai kivulini: sehemu nyeupe na nyeusi zinabadilishana nafasi kwa kasi, na weusi haukai mahali pamoja. Jiwe dhaifu linafifia kwanza ukingoni au chini ya meza. Rangi za upinde zitakazochomoza, zile masonara wanazoziita moto, zitazame kwenye taa moja ndogo chumba kikiwa na giza kiasi. Mwanga wa dirishani huzizima kwenye jiwe lolote, usilihukumu kwa hilo.

Lenzi ya mara 10 ni ya kutafutia kasoro na kusoma namba iliyochorwa kwa leza kwenye mshipi, ili ujue jiwe na cheti ni vya pamoja. Haitakuambia kama jiwe linapendeza.

Haya, mkato wa zumaridi. Nitasema wazi kwamba swali lako la kweli liko hapa, kwa sababu pete ni ya mke wako na yeye ameshaonyesha anakotazama. Mviringo ukikatwa vizuri unawaka zaidi ya umbo lolote, hilo halibishaniwi. Ila si kila mtu anapenda kuwaka. Mabapa ya mkato wa zumaridi ni marefu na yamepangwa sambamba, moja juu ya jingine, kama ngazi za baraza. Badala ya cheche nyingi ndogo unapata mimuliko mipana, michache, inayofunguka na kufunga mkono unaposogea. Anayependa hivyo huona briliani ina makelele.

Tatizo lako ni kwamba kwa mkato huu cheti kinakusaidia kidogo. Lile daraja la mwaka 2006 lilitengenezwa kwa ajili ya mviringo, na pembe za taji na upande wa chini, ambazo zimetusaidia hadi sasa, kwa maumbo mengine aghalabu hazionyeshwi. Unabaki na kina, meza na vipimo vya urefu na upana. Kina cha kati ya asilimia 60 na 68 ni cha kawaida hapa; jiwe la mviringo lenye 66 ningelikataa, mstatili wenye 66 naweza kuupenda. Ndiyo sababu pia almasi ya zumaridi ya karati 1 huonekana ndogo kidogo kuliko ya mviringo ya uzito ule ule. Uwiano wa urefu kwa upana ni suala la jicho: wengi huridhika kati ya 1.30 na 1.50. Mpe mke wako aone 1.30 na 1.50 kwa pamoja, atachagua haraka.

Unachopaswa kukitafuta mwenyewe ni dirisha. Liweke jiwe juu ya karatasi yenye maandishi, au kidoleni, utazame kupitia mezani. Ukiona maandishi au ngozi, mwanga unapita moja kwa moja na hapo katikati patakuwa pamekufa siku zote. Kisha angalia mistari ya ngazi: iwe sambamba, ipungue kwa mpangilio kuelekea chini, na kona nne zilizopunguzwa zilingane. Kwenye briliani kosa dogo la ulinganifu linapotea katikati ya cheche. Huku linasomeka kama mstari uliopinda kwenye daftari jeupe.

Kwa sababu hiyo hiyo uangavu nao unabadilika thamani. VS2 kwenye mviringo ni salama kabisa, hata vidoa vya SI1, daraja la chini yake, mara nyingi havionekani kwa macho. Kwenye zumaridi kila kidoa kilichokaa chini ya meza kinaonekana wazi, kwa hiyo VS2 ikubali tu baada ya kuona mahali kidoa kilipo. Ukingoni sawa, katikati hapana. Rangi G inatosha, ingawa umbo hili huionyesha rangi zaidi kuliko mviringo. Kama pete ni ya dhahabu ya njano, hata H haitakusumbua.

Mkeo akipenda ngazi lakini akauona mstatili mrefu mno, mwonyeshe Asscher: mraba wenye kona zilizokatwa, taji la juu na meza ndogo, ulioasisiwa Amsterdam mwaka 1902 na Joseph Asscher. Ndiye aliyeipasua Cullinan, jiwe ghafi la karati 3,106, mwaka 1908. Nakiri nina upendeleo: kwa mtu anayependa ngazi, huo ndio ninaoutaja kwanza.

Maumbo mengine kwa haraka, maana muuzaji lazima atakuletea. Yai, tone na markizi (lile jembamba lenye ncha mbili) huonekana makubwa kwa uzito wake, ila karibu yote yana kivuli cha umbo la tai fupi ya shingoni, ile ya kipepeo, kinachokatiza katikati. Kivuli hafifu kinachocheza ni cha kawaida. Kilicho cheusi na kisichohama ni kosa la mkato. Prinsesi, ule mraba wenye kona kali, huwaka vizuri na huokoa sehemu kubwa ya jiwe ghafi, jambo linaloshusha bei, lakini kona zake hupasuka zikigongwa, kwa hiyo kila kona iwe na ukucha unaoifunika. Zumaridi na Asscher zimeepuka shida hiyo kwa kuwa kona zake zimekatwa tayari. Na ukiletewa almasi iliyokuzwa maabara, kila nilichoandika hapa kinabaki vile vile: ni almasi, mwanga unapindwa kwa 2.42 ile ile, na ikikatwa vibaya inafifia vile vile.

Kitu kimoja cha nyumbani. Almasi hupenda mafuta; migodini tabia hiyo imetumika kwa kupitisha mawe juu ya meza zilizopakwa grisi, almasi zikanata na mengine yakateleza na maji. Pete nayo inafanya hivyo hivyo na mafuta ya ngozi, hasa upande wa chini wa jiwe, na utando huo unavuruga ule mrejesho wa mwanga ulioulipia. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida na mswaki laini vinatosha. Mwombe fundi aache nafasi nyuma ya jiwe ambapo nyuzi za mswaki zinafika.

Kwa hiyo: likate jina jiwe la bei nafuu leo. Lile la pili mwombe muuzaji akuwekee akiba kama anakubali, kisha mtafute naye zumaridi au Asscher tatu, VS1 au VS2 yenye kidoa cha pembeni, bila dirisha. Mpeleke mke wako aziangalie pamoja na ile ya mviringo, zote dirishani, wewe ukiwa umeshazichuja kwa vyeti kabla hajafika.